Meno Mapya ya Babu

3 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, na za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima siku hizi ni mimi na paka. Mimi sijambo. Bati la jikoni linavuja na sina wa kumpandisha juu alizibe. Mama anaendeleaje na macho? Mwambie aache kuyasugua kwa upindo wa kanga, na wewe usimpikie vyakula vya chumvi kwa kuwa tu anakulilia.

Shemeji yako bado yuko mikononi mwa waasi huko milimani. Tangu walipomchukua na boksi lake la spana nimepata salamu zake mara mbili. Hawampigi. Anawatengenezea pampu za maji, na nasikia wanamtunza kuliko mahindi yao, maana fundi mwingine hawana.

Sasa kaa chini nikupe kisa. Wiki iliyopita dereva wa lori la chumvi, huyu huyu anayekuletea barua hii, aliniletea kifurushi kilichofungwa kwa blanketi. Nikadhani ni mayai. Kufungua, taya la juu la plasta, alama ya kinywa cha mtu, halina jino hata moja. Dereva akainama, akaninong'oneza: "Ni la Babu."

Ndiyo, Babu huyo huyo, mkubwa wa waasi, ambaye nyie huko serikalini mnamwita Kibogoyo. Unajua hadithi yake, kwamba meno ya juu yote yalimtoka gerezani, na kwamba kila akihutubia huyavua yale ya bandia, akayainua juu watu wayaone, na uwanja ukalipuka kwa kelele. Basi hayo ya bandia yamevunjika vipande viwili. Fundi wa meno bandia upande huu wa mto nimebaki mimi peke yangu. Makubaliano ni haya: nikimtengenezea mengine yakamkaa, shemeji yako anarudi nyumbani. Ametoa neno lake mwenyewe, na watu wote huku, hata wanaomchukia, wanasema neno lake analitimiza.

Nacheka peke yangu humu ndani. Mtu anayetafutwa na jeshi zima, kinywa chake kiko mezani kwangu kando ya kikombe cha chai. Usimwambie mtu. Nimekwambia wewe kwa sababu nikikaa nalo peke yangu nitapasuka.

Dada yako


20 Februari

Dada, shikamoo.

Barua imefika salama, inanuka chumvi. Mama amepasuliwa jicho la kulia na sasa anaona vizuri kupita kiasi. Jana amegundua vumbi juu ya kabati langu, na leo ameniuliza kama mke sipati kwa sababu ya vumbi hilo. Tukimpasua na la pili nitahama nyumba.

Kazini, hapa makao makuu ya jeshi, mambo yamenigeukia. Miaka yote nimekuwa yule kijana wa ramani, wa kuitwa, kubandika ukutani na kutoka. Siku hizi nabandika nakaa. Mkuu wangu ananiuliza naonaje, na mimi nasema. Nimewaambia hivi: vita hii haina chama wala katiba, ina mdomo mmoja. Chini ya Kibogoyo kuna wakubwa watatu wasioweza kula sahani moja. Anayewakalisha pamoja ni yeye. Akiondoka yeye, watarukiana wenyewe kwa wenyewe, na kufikia mavuno watu watakuwa mashambani kwao. Wapo wanaonibishia pale mezani, lakini hawana hesabu nyingine ya kutupa zaidi ya kuendelea kuzika vijana wetu kila mwezi.

Nasikitika sana kuhusu shemeji. Kila nikiona bomba linavuja namkumbuka na makelele yake.

Halafu hayo meno, fundi anaweza kuyamaliza bila mwenyewe kuwepo? Nauliza tu, maana kazi yako sijawahi kuielewa.

Mdogo wako


11 Machi

Bwana Ramani,

Marahaba. Mwambie Mama nimefurahi mpaka nimemchinjia kuku, halafu nikamla mwenyewe. Bati bado linavuja.

Umeuliza, nakujibu. Meno si suruali ya dukani. Kwanza nayapanga kwenye nta, kisha mwenyewe anayaweka mdomoni, anauma, anatamka maneno, nami natazama midomo inavyofunga. Ndipo niyamalize. Kwa hiyo lazima nimwone. Nimeambiwa niende kile kiwanda cha pamba kilichofungwa, tulipokuwa tunateleza juu ya marobota utotoni, Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu, mchana. Atakuja mwenyewe. Moyo unanidunda kama wa bibi harusi. Yakimkaa, nitakuwa na mume wangu kabla wewe hujapata mke wa kukufutia vumbi.

Ila hayo uliyowaambia wakubwa zako yamenikosesha raha. Wewe unawaona hao watatu kwenye ramani, mimi nakaa nao jirani. Mwezi uliopita mmoja wao alitaka kuchoma shule ya hapa kwa kuwa inafundisha kwa vitabu vya serikali. Aliyemkataza ni Babu. Simpendi, usinielewe vibaya. Ametuua wengi, na mume wangu amemfanya mtumwa. Lakini hao unaosema watarukiana wenyewe kwa wenyewe, sisi ndio tuliolala katikati yao. Umelifikiria hilo?

Dada yako


19 Machi

Dada,

Mama anaumwa sana. Ukipata barua hii panda gari lolote, uje. Kazi zote ziache kama zilivyo. Alhamisi usiende popote, Alhamisi uwe umeshavuka mto. Nakuomba, dada, kwa jina la marehemu baba.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako imenifika Jumamosi. Lori liliharibika kabla ya daraja, dereva akalala huko siku tatu akisubiri mkanda wa injini.

Kwa hiyo Alhamisi nilikwenda kiwandani. Nilikaa juu ya robota, sanduku langu mapajani, meno yamepangwa kwenye nta vizuri sana, kazi yangu nzuri kuliko zote. Nikasikia mlio mmoja kutoka kwenye kona ya barabara inayoshuka milimani. Vioo vilivyobaki kiwandani vikaanguka. Kijana mmoja wa Babu aliyewekwa kunilinda aliniambia, "Mama, ondoka," akakimbilia kule kwenye moshi. Nikarudi nyumbani kwa miguu, na nta ikayeyuka njiani kwa jua.

Tangu siku hiyo sijui mume wangu yuko hai au la. Hakuna salamu, hakuna anayejua, na kila ninayemuuliza anaangalia viatu vyake.

Nilipopata barua yako nikamuuliza dereva habari za Mama. Akasema alipokuja kuichukua barua kwako, Mama ndiye aliyemfungulia mlango, na kwamba alimgombeza kwa kukanyaga ndani na viatu. Hakuwa mgonjwa.

Nakuuliza neno moja. Ni wewe? Nijibu ndiyo au hapana, nisione maelezo.

Dada yako


25 Aprili

Dada mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa wasiwasi wote. Mama mzima kabisa, jicho la pili limepasuliwa na sasa anasoma hata maandishi ya kwenye chupa za dawa za majirani. Jirani wa juu amejifungua mapacha. Paa la ofisi limetengenezwa. Nimepewa chumba changu mwenyewe chenye dirisha, na jina langu limeandikwa mlangoni.

Umesikia bila shaka. Serikali imetangaza kwamba Kibogoyo amekufa. Redio ya waasi imekaa kimya mwezi sasa, wawili kati ya wale watatu wameanza kupigana wao kwa wao, barabara ya darajani iko wazi. Ni vile vile nilivyosema, dada, hatua kwa hatua. Wale waliokuwa wakinibishia sasa wananiletea chai. Kuna vijana, watoto wa watu, ambao mwezi huu hawakufa. Nakuomba uwahesabu na hao.

Shemeji atarudi. Atarudi kwa sababu hatabaki mtu wa kumshika.

Kuhusu ulichoniuliza, Mama anakusalimu sana.

Mdogo wako


17 Mei

Mdogo wangu,

Nimekuelewa.

Sitakudanganya, wiki zile redio ilipokuwa kimya tulipumua. Barabara ilifunguka, nikanunua bati jipya, watu wakacheza muziki kwa sauti. Mimi pia nilicheka na majirani, halafu nikarudi ndani nikaona aibu, kwa sababu sikujua nacheka nikiwa mke wa mtu au mjane.

Jumatatu redio yao imerudi. Babu amezungumza. Sauti nzito, polepole, kama kawaida yake, ila amesema mambo ambayo zamani hakuwa akisema. Jumatano shule imechomwa. Mwalimu mkuu alikuwa ndani.

Usiniandikie habari za dirisha lako.

Dada yako


9 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo. Anauliza kwa nini barua zako zimekuwa fupi, nimemwambia karatasi imepanda bei.

Hapa pamewaka moto. Mdomo niliosema umefungwa unazungumza kila wiki, na wale wawili waliokuwa wanapigana wamepatana. Wataalamu wa sauti hawakubaliani, mmoja anasema ni yeye, mwingine anasema hapana. Kilichobaki barabarani siku ile hakikutosha kumtambua mtu. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya meza nikasema kwa hakika kwamba aliyekufa ni Kibogoyo, na mkuu wangu ameniambia wazi: lete uthibitisho au ondoa jina lako mlangoni. Wakipata uthibitisho watatangaza kwamba anayeongea ni mwigizaji, na wanaamini watu wake watamkimbia siku hiyo hiyo.

Wewe ulikuwa na kinywa chake mezani. Kuna chochote kimekufikia? Sikulazimishi.

Mdogo wako


6 Julai

Mdogo wangu,

Isome ukiwa peke yako, kisha ichome. Salamu nitakupa siku nyingine.

Shemeji yako yuko hai. Narudia kuliandika ili nilione tena: yuko hai. Amenitumia kipande cha karatasi kwa mwandiko wake, ananiuliza kama bati nimeliziba.

Karatasi hiyo ilikuja pamoja na kifurushi. Blanketi lile lile. Ndani taya la plasta na maagizo kwamba ufizi wa Babu umebadilika kidogo kwa sababu ya ugonjwa, nitengeneze upya, haraka, na makubaliano ni yale yale.

Nimeyaweka mataya yote mawili mezani, la Februari na hili. La Februari ni la mtu aliyekaa bila meno miaka mingi. Ufizi ukikaa hivyo hupungua, hukonda, unakuwa mwembamba kama ukingo wa sahani. Hili la pili ni pana, limejaa, na lina mashimo. Nimeyapapasa yote kwa kidole. Ni mashimo ya meno, mapya, hata damu ilikuwa haijakauka vizuri walipochukua alama, maana imeacha rangi kwenye plasta. Meno hayo hayakuoza, mdogo wangu. Jino bovu ukiling'oa huacha shimo limeliwa kandokando. Haya yalikuwa mazima, yote ya juu, ya mtu wa umri wako au chini yake. Yameng'olewa makusudi ili siku ya mkutano avue mengine ya bandia, ayainue juu, na uwanja ulipuke.

Basi umepata jibu lako. Mlimuua. Ulikuwa na haki ya kuandikwa mlangoni.

Sasa nisikilize na mimi. Ulisema vita ina mdomo mmoja. Mmeufunga, na mtu amekaa kwenye kiti akafungua wake, akasema ng'oeni. Watu wake hawatamkimbia mkiwatangazia. Wengi wao, naapa, wanajua. Dereva anajua, muuza mkaa anajua, na wote wanaitikia "Babu" bila kupepesa macho. Yule wa zamani alikuwa anangoja, anapima, anakataza. Huyu ameshaharibu kinywa chake mwenyewe kabla hajaanza, unadhani atashindwa kuchoma nini?

Kwangu mimi kuna jambo moja tu. Mkitangaza habari za meno, atajua zimetoka kwenye meza gani, maana fundi wa meno huku ni mimi peke yangu. Shemeji yako atakufa siku hiyo, na mimi baada yake. Nimekupa kitu kinachoweza kukuokoa wewe. Nimekupa kwa sababu nilitaka uone kwa macho ulichonunua. Pengine ni ujinga wa pili, kama ule wa Machi. Fanya unavyoona.

Dada yako


30 Julai

Dada, shikamoo.

Nimeichoma. Mama aliniuliza kwa nini jikoni kunanuka karatasi, nikamwambia nimeunguza mkate, akanitazama kwa hayo macho yake mapya mpaka nikatoka nje.

Nilikaa nayo siku tatu kabla. Sitajifanya kwamba sikujaribiwa. Niliandika ripoti yote, mashimo, damu, umri, kila kitu, ukurasa mmoja safi sana, na ilikuwa ndani ya koti langu nilipoingia mkutanoni. Mkuu akasema: "Haya, kijana. Amekufa au hakufa?" Mezani kulikuwa na watu wale wale wa chai.

Nikasema hakufa. Nikasema nilikosea gari, na kwamba tuliowaua ni watu wengine, dereva na walinzi tu. Nikasema anayezungumza redioni ni Kibogoyo yule yule, na sahihi nikaweka. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja hata alionekana kufurahi, maana mtu aliyeponyoka anaweza kuwindwa tena, na kuwinda ndiyo kazi tunayoijua. Wameshaanza kupanga upya. Hawakuuliza habari za meno, kwa sababu ukiamini ni mtu yule yule, huna cha kutafuta mdomoni mwake.

Jina limeondolewa mlangoni. Nimepewa likizo ambayo haina tarehe ya kurudi. Uliniuliza jambo moja mwezi wa nne, ukataka ndiyo au hapana. Ndiyo, dada. Ni mimi. Nilijua uko kiwandani na nikaomba wasingoje afike, wapige akiwa bado anashuka, kwenye kona, mbali nawe. Hilo ndilo nililoweza kuomba. Nilidhani namaliza vita.

Shemeji akirudi, naomba nije nimwone.

Mdogo wako


14 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na kwa Mama pia, mwambie nampigia magoti kwa kukaa kimya muda mrefu. Paka amezaa nyuma ya jiko.

Amerudi. Jumapili mchana, kwa miguu, boksi la spana begani, ndevu mpaka kifuani. Kitu cha kwanza aliangalia juu, akasema bati nimelipigilia ovyo. Nikamshika shingo nikalia mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba.

Meno nilimvalisha huyo Babu mpya kwa mikono yangu. Ni kijana, ana ngozi laini, ufizi bado umevimba. Nilimwambia yatambana, akasema, "Yabane tu, mama, nitazoea." Ufizi wake utapungua, na itabidi nimwone tena. Sikwambii lini wala wapi. Wewe usiniulize, hata kwa mzaha, na yeyote akikutuma uniulize, barua yake sitaijibu.

Sasa nikwambie la shemeji yako, maana nisipokwambia wewe sina mwingine. Ile Alhamisi ya Machi, Babu alimwita asubuhi akamwambia: kusanya vyombo vyako, leo unakwenda kwa mkeo. Hakutaka hata kungoja meno yaishe, alikuwa anamleta kunionyesha kwamba neno lake ni neno. Walimpakia gari la pili. Kwenye kona akaona la kwanza linaruka. Alilala mtaroni, akatazama, kisha wakamrudisha milimani kwa miezi mitano na nusu mingine, kwa sababu aliyekuwa ametoa neno hakuwepo tena. Ananisimulia haya akiwa anakula, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mvua. Kisha anaacha kula, ananiuliza: ile njia nani aliijua? Mimi naondoa sahani.

Hajui, na kwangu hatajua. Anachoamini ni kingine. Anasema haiwezekani watu wale wamwachie bure, lazima yuko mtu huko juu aliyesukuma mambo, na mtu wetu wa huko juu ni mmoja tu. Nimejaribu kumwambia ni meno yangu, akacheka. Anasema, "Shemeji yangu amefukuzwa kazi kwa ajili yangu, mimi si mtoto, naona." Na ukweli ni kwamba hakukosea, wala mimi nilipokuwa nakulaani sikukosea.

Kwa hiyo njoo. Mlete na Mama. Shemeji yako ameshanunua kiti kipya cha wewe kukalia, amekiweka kinatazama mlango, na anasema hatakaa mpaka amekushika mikono yote miwili akushukuru mbele yangu. Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika birika. Atakushukuru, na wewe utaitikia.

Dada yako